Herufi Mbili Mbele ya Jina

Wahenga wetu walipotaka kumcheka mtu aliyesifiwa kwa jambo asilolistahili, walisema amevishwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani ya kulisha mifugo. Asubuhi kilemba hicho huonekana kibichi na cha kupendeza, lakini jua likipanda hunyauka, na kila apitaye huona kwamba aliyekivaa hakuvikwa heshima bali amejitwika majani. Katika makala hii nataka kuzungumza na msomaji juu ya kilemba cha namna hiyo kilichovaliwa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kikanyauka mbele ya watu, na kumpotezea njia mwanamke ambaye, kwa maoni yangu, hakukihitaji hata kidogo.

Mwanamke huyo ni Franziska Giffey, aliyepata kuwa meya wa wilaya ya Neukölln, kisha waziri katika serikali ya nchi nzima, kisha Meya Mtawala wa Berlin. Nimekichagua kisa chake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si kisa cha mtu mwovu. Visa vya waovu hutufundisha kidogo, maana kila mmoja wetu hujisemea kwamba yeye hayumo. Hiki ni kisa cha mtu mwenye bidii na kipaji cha kweli. Sababu ya pili ni kwamba mji wa Berlin na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna hesabu ya zamani inayohusu jambo hilihili la nani ameandika nini, na nani amepata sifa kwa kazi ya nani. Hesabu hiyo nitaigusa mbele kidogo.

Bibi Giffey alizaliwa mwaka 1978 katika mji wa Frankfurt ulio kando ya mto Oder, mpakani na Poland, wakati sehemu hiyo ilipokuwa bado nchi ya Ujerumani ya Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1989 alikuwa na umri wa miaka 11. Alipokua alitaka kuwa mwalimu, akaanza masomo hayo, lakini madaktari wakamwambia kwamba koo lake lina udhaifu usiomruhusu kupaza sauti darasani kila siku. Mimi nimefundisha maisha yangu yote, na ninaelewa vizuri pigo hilo, kwani chombo cha kwanza cha mwalimu si chaki wala kitabu, ni sauti. Basi akauacha ualimu akageukia masomo ya utawala.

Mwaka 2002 alipata kazi katika ofisi ya wilaya ya Neukölln, akishughulikia mambo ya Umoja wa Ulaya. Neukölln ni wilaya yenye watu zaidi ya 300,000, wengi wao wakiwa na asili ya Uturuki, nchi za Kiarabu na kwingineko. Kwa miaka mingi magazeti ya Ujerumani yalipotaka mfano wa shule ngumu, umaskini na vijana wasio na kazi, yaliitaja Neukölln. Hapo ndipo mama huyu alipojifunza siasa. Hakujifunza katika kumbi za wakubwa, alijifunza kwa kutafuta fedha za miradi, kutembelea shule, na kuzungumza na akina mama kwenye ngazi za majengo yao. Mwaka 2010 akawa diwani anayesimamia elimu ya wilaya, na mwaka 2015 akawa meya wake. Watu walimpenda kwa sababu alisema maneno yanayoeleweka. Alipoteuliwa kuwa waziri wa familia wa Ujerumani yote mwezi Machi 2018, tabia hiyo alikwenda nayo. Sheria aliyoisimamia ya kuboresha shule za chekechea, iliyotengewa euro bilioni 5.5, aliipa jina ambalo hata mtoto angelifahamu: Sheria ya Chekechea Nzuri. Wataalamu walicheka, wazazi walielewa.

Huyo ndiye mwanasiasa aliyekuwa akitajwa, kabla ya kufikisha miaka 42, kuwa huenda siku moja akakiongoza chama chake cha SPD. Na mbele ya jina lake palikuwa na herufi mbili na nukta: Dr.

Lazima nieleze uzito wa herufi hizo huko Ujerumani, kwa sababu bila ya hivyo msomaji hataelewa mambo yaliyofuata. Katika nchi nyingi shahada ya udaktari wa falsafa ni kazi ya watu wa vyuoni. Ujerumani ni mapambo ya heshima hata kwa mwenye kiwanda, mwanasheria na mwanasiasa. Sheria humruhusu mwenye shahada hiyo kuiandikisha katika kitambulisho na pasipoti yake. Huandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Kwa mtu aliyetoka kijijini mashariki, ambaye hakuwa na mjomba waziri wala baba profesa, herufi mbili hizo zilikuwa kama kadi ya kuingilia mahali ambapo wengine waliingia kwa jina la ukoo. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema tu kwamba ninakielewa kishawishi chake, na nadhani kila msomaji wa Afrika Mashariki anakielewa pia.

Shahada hiyo aliipata mwaka 2010 katika Freie Universität, maana yake Chuo Kikuu Huru, kilichoanzishwa Berlin ya Magharibi mwaka 1948 na watu waliokimbia elimu ya kuamrishwa na wakomunisti upande wa mashariki. Tasnifu yake ilihusu jinsi Halmashauri ya Umoja wa Ulaya inavyojaribu kuwashirikisha wananchi wa kawaida, na alitumia wilaya yake mwenyewe kuwa mfano. Ilikuwa mada nzuri, na alikuwa mtu anayeifahamu kwa kuiishi. Aliandika huku akifanya kazi ya ofisi mchana, kama wanavyofanya wengi wetu. Ikapewa alama ya juu, ikawekwa maktabani.

Tasnifu ikishawekwa maktabani huweza kulala miaka hamsini bila ya mtu kuifungua. Lakini mwaka 2011 jambo fulani lilibadilika Ujerumani. Waziri wa ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, kijana wa ukoo wa makabaila aliyependwa kupita wanasiasa wote wa wakati huo, aligunduliwa kwamba tasnifu yake ya sheria imejaa kurasa za watu wengine. Wachunguzi wa kujitolea waliigawana, mmoja kurasa hizi, mwingine zile, wakaweka maneno yake na maneno ya wenyewe sambamba ili kila mtu aone. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua shahada mwezi Februari, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Katika siku hizo waziri wa elimu, Annette Schavan, alisema hadharani kwamba anaona aibu kwa ajili ya mwenzake. Miaka miwili baadaye, Februari 2013, Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimvua yeye naye shahada aliyokuwa ameipata mwaka 1980, na akajiuzulu siku chache baada ya hapo. Mwenye kuvuka mto ndiye asemaye juu ya mamba.

Tangu wakati huo kundi la wachunguzi lililojiita VroniPlag liliendelea kufungua tasnifu moja baada ya nyingine. Mwezi Februari 2019 ikajulikana kwamba linaichunguza ya waziri wa familia. Matokeo yake yalidai kwamba kurasa 76 kati ya 205 zilikuwa na maneno yaliyochukuliwa bila ya utaratibu wa kuyataja.

Hapa nataka nisimame kidogo nieleze wizi wa namna hii unavyofanyika, kwa sababu watu wengi hudhani ni kunakili kitabu kizima usiku kucha. Aghalabu sivyo. Mwandishi huchukua aya ya mwenzake, akabadilisha maneno matatu, akaacha mtiririko wa mawazo ulivyo. Au huchukua sentensi moja akaitilia alama za kunukuu na tanbihi chini ya ukurasa, kisha akaendelea na sentensi nne za mwandishi yuleyule bila ya alama yoyote, kana kwamba sasa ni mwenyewe anayezungumza. Ni kama mtu anayekuambia, "Hindi hili moja nimepewa na jirani," huku gunia zima alilobeba limetoka shamba hilohilo. Au huandika tanbihi inayomtaja mwandishi ambaye hakusema jambo hilo kabisa, akitumaini kwamba hakuna atakayekwenda kuangalia. Kila moja ya hila hizi ni ndogo. Mwanafunzi mwenye haraka anaweza kuifanya mara moja akajisamehe. Zinapofika mia hazijisamehi tena.

Bibi Giffey alijibu kwamba aliiandika tasnifu yake kwa dhamiri njema na kwa ujuzi wake wote, na mwenyewe akakiomba chuo kiichunguze. Uchunguzi ulichukua miezi. Mwezi Juni 2019 uongozi wa chama chake ulibaki wazi, na watu wengi walimtazama yeye. Mwezi Agosti akatangaza kwamba hatagombea, kwa kuwa hakutaka suala la tasnifu kukielemea chama, na akaahidi kwamba akivuliwa shahada atauacha uwaziri. Huo ndio msiba wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa kuliko yote yaliyofuata. Hakuna mpinzani aliyemshinda. Alikuta mlango wazi akashindwa kuuingia kwa sababu ya vitabu alivyovisoma kwa haraka miaka kumi nyuma.

Mwisho wa Oktoba 2019 chuo kikatoa uamuzi wa ajabu kidogo: makosa yapo, lakini shahada haifutwi, bali mwandishi anakaripiwa. Yeye akashukuru na kuendelea na kazi. Lakini wataalamu wa sheria wakauliza, karipio hilo limetoka kifungu gani? Wanafunzi wa kawaida waliokuwa wamevuliwa shahada zao nao wakawa na haki ya kuuliza kwa nini wao hawakukaripiwa tu. Novemba 2020 chuo kikaliondoa karipio na kufungua uchunguzi upya. Mwezi huohuo Bibi Giffey akatangaza kwamba tangu sasa hataitumia tena shahada hiyo mbele ya jina lake, akieleza kwamba jinsi alivyo na anachokiweza havitegemei cheo hicho.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa, na hapo ndipo penye simanzi. Yalikuwa ya kweli mwaka 2020, na yalikuwa ya kweli vilevile mwaka 2010.

Tarehe 19 Mei 2021, chuo kilipokaribia kutoa uamuzi, alijiuzulu uwaziri. Mwezi Juni shahada ikafutwa rasmi, kwa maelezo kwamba ilipatikana kwa kudanganya juu ya nani hasa aliifanya kazi hiyo ya kitaaluma.

Msomaji atadhani hadithi imekwisha. Haikuisha. Hakujificha, na miezi michache baadaye aliwaomba watu wa Berlin wamchague kuongoza jiji lao. Tarehe 26 Septemba 2021 chama chake kilishika nafasi ya kwanza kwa asilimia 21.4 ya kura, na Desemba 21 akaapishwa kuwa Meya Mtawala, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa huo. Wapiga kura walikuwa wamesoma magazeti yote. Walijua. Wengine walisema, tunataka nyumba za kupanga na treni zinazofika, hatutaki tasnifu. Wengine walimchagua kwa kinyongo. Huko serikali kuu alikuwa hafai tena, lakini nyumbani palimfaa.

Ila siku ile ya uchaguzi mambo yalikwenda vibaya mno. Mbio za masafa marefu zilifanyika jijini siku hiyohiyo, vituo vingine viliishiwa karatasi za kura, vingine vilipata karatasi za jimbo jingine, na watu walipiga kura saa zilizokwisha kupita. Tarehe 16 Novemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Berlin ikaufuta uchaguzi wote na kuamuru urudiwe. Ulirudiwa Februari 12, 2023. SPD kilipata asilimia 18.4, kikashindwa vibaya na CDU kilichopata 28.2, na kikakitangulia chama cha Kijani kwa kura 53 tu. Mwezi Aprili Bibi Giffey akamwachia kiti cha umeya mpinzani wake Kai Wegner, na yeye akakubali kukaa chini yake kuwa seneta wa uchumi wa jiji.

Kwa hiyo alifutiwa mara mbili: kwanza shahada, kisha uchaguzi. Si haki kuviunganisha viwili hivi kana kwamba kimoja kilizaa kingine, kwa sababu vurugu za vituo vya kura hazikuandaliwa na yeye. Lakini nikitazama jinsi watu walivyopokea ya pili, naona kivuli cha ya kwanza. Kiongozi aliye na akiba ya kuaminiwa huweza kusema, "Hili si langu," akasadikiwa. Akiba ikishatumika, hata la jirani huwa lako.

Sasa nirudi kwenye ile hesabu ya zamani. Tangu mwaka 1887 Berlin ilikuwa na chuo cha lugha za mashariki, na Kiswahili kilifundishwa huko kwa ajili ya maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakija kwetu. Mwaka 1900 alikwenda kufundisha huko Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho hadi leo ni hazina yetu juu ya ndoa, uganga, ngoma na sheria za pwani. Jalada lilibeba jina la mwalimu wa Kijerumani, Carl Velten, kwamba yeye ndiye aliyekikusanya. Sehemu kubwa ya maandishi ilikuwa kazi ya Mtoro, na ilibidi kungoja hadi tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndipo jina lake likawekwa mbele. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, akazuiwa kushuka naye Dar es Salaam mwaka 1905, akarudi Ujerumani na kufa Berlin mwaka 1927. Velten alimtaja katika dibaji, nasi tumpe haki yake kwa hilo. Lakini dibaji si jalada.

Namtaja Mtoro kwa sababu mtu akisikia habari za tasnifu huuliza, "Basi nani ameumia? Maneno hayajapungua, mwenyewe bado anayo." Kwa kumtazama Mtoro tunajua nani huumia. Huumia yule aliyekesha, kwa sababu kukesha kwake kunahesabiwa kwa mwingine. Na huumia msomaji anayetaka kumfuata mwenye maarifa hadi chanzoni, akakuta njia imefutwa.

Kwetu nyumbani hali ikoje? Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika, basi. Haimdai shahada. Hata hivyo, herufi zile mbili tumezipenda kupita kiasi. Mwenye udaktari wa heshima, aliopewa siku moja kwa joho la kukodi, hutaka aitwe Dokta hata msibani. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe kazini. Wengi walifurahi. Wengine waliuliza, na swali lao lilikuwa na haki, mbona uhakiki ule haukuwagusa viongozi wa kisiasa? Muuguzi na karani walipimwa kwa karatasi ambayo wakubwa wao hawakulazimika kuionyesha. Hapo Wajerumani, pamoja na karipio lao la ajabu, wametupita: kwao kadiri kiti kinavyokuwa kirefu ndivyo tasnifu inavyosomwa kwa makini zaidi.

Naandika haya si kwa ajili ya wakubwa tu. Ninaye mpwa wangu, mtumishi wa halmashauri moja, aliyekuwa akisoma shahada ya uzamili jioni baada ya kazi. Alikuja kwangu siku moja amechoka. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, karibu." Akaniambia kwamba msimamizi wake amekaa na sura yake ya pili miezi minne bila ya kuifungua, na kwamba karibu na chuo yupo kijana mwenye kompyuta anayewamalizia watu tasnifu zao kwa malipo. "Wenzangu watano wameshamaliza, mjomba," akasema. "Cheo kinangoja karatasi, hakingoji maarifa."

Sentensi hiyo imenikaa moyoni, kwa sababu ni kweli. Nilimwambia aandike mwenyewe. Akaandika. Alimaliza miaka miwili baada ya wenzake, na nafasi aliyokuwa akiitazamia ikawa imekwisha kuchukuliwa na mmoja wa wale watano. Sasa anafanya kazi chini yake. Mara nyingi mkuu huyo anapotakiwa kuandika taarifa ndefu humwita mpwa wangu aiandike, kisha yeye hutia saini. Mwaka jana, tukiwa tumekaa barazani, akaniuliza taratibu, bila ya hasira, "Mjomba, ushauri ule ulinifaa nini?"

Sikutaka kumdanganya. Sikumwambia kwamba mwenzake atanaswa, maana huenda asinaswe. Sikumwambia kwamba za mwizi ni arobaini, kwa sababu nimewaona wezi wa karatasi waliofikisha miaka arobaini wakastaafu kwa sherehe na kupewa saa ya ukutani. Nilimsimulia habari za Bibi Giffey, na nikamwomba aangalie jambo moja tu. Kati ya mwaka 2010 na 2019 mama yule alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi aliipanda kwa kazi yake halisi: shule alizozitembelea, sheria aliyoipitisha, watu aliowasikiliza. Lakini chini ya ngazi yote palikuwa na ubao mmoja ambao haukuwa wake. Kadiri alivyopanda ndivyo ubao ule ulivyobeba uzito mkubwa zaidi. Mtu wa chini akiteleza huanguka hatua moja. Yeye alifika mahali ambapo hata kupanda zaidi kulikuwa ni hatari, akalazimika kukataa uongozi wa chama kwa mdomo wake mwenyewe.

"Wewe," nikamwambia, "hakuna mlango utakaofunguliwa mbele yako ukaogopa kuuingia. Na taarifa zile anazotia saini mwenzako, yeye hawezi kuziandika. Siku utakayoondoka wewe, ofisi ile itajua." Akacheka kidogo, akasema, "Lakini mshahara wake ni mkubwa, mjomba." Nikamwambia kwamba ni kweli. Mshahara wake ni mkubwa, na mimi sina dawa ya hilo. Dawa wanayo wanaotoa vyeo, siku watakapoacha kuuliza una karatasi gani na kuanza kuuliza unaweza nini.

Maana hilo ndilo kosa letu sote lililo nyuma ya kosa la mama yule. Hakuna sheria ya Ujerumani iliyomdai meya awe na udaktari. Hakuna mzazi wa Neukölln aliyeuliza alipata alama gani. Ni jamii iliyoanza kumwona mkubwa zaidi kwa sababu ya herufi mbili, naye akaziamini. Tukiendelea kuinuka vitini kwa ajili ya cheo na kubaki tumekaa kwa ajili ya kazi, tusishangae watu wakinunua cheo na kuacha kazi.

Nitamalizia na jambo lililonifurahisha. Katika wilaya ileile ya Neukölln palikuwa na mtaa uliobeba jina la Hermann von Wissmann, yule mkuu wa majeshi ya Wajerumani aliyeivunja vita ya Abushiri, naye Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi Aprili 2021, wiki chache kabla ya Bibi Giffey kujiuzulu uwaziri, jina hilo liliondolewa na mtaa ukapewa jina la Lucy Lameck wa Kilimanjaro, muuguzi kwa taaluma, mmoja wa wanawake wa mwanzo kuingia bungeni na serikalini katika nchi yetu baada ya uhuru. Aliwatetea wanawake na wakulima kwa maneno yake mwenyewe, akafa mwaka 1993. Wakazi wa Berlin wanaopita hapo kila siku huliona jina lake limeandikwa kwenye kibao, Lucy Lameck, na mbele yake hakuna herufi yoyote.